Mwongozo wa Kumtetea Punda Milia wa Grevy kwa Njia ya Siasa, Kuanzia Wadini hadi Bungeni

Mnamo Novemba 2022, Wizara ya Utalii na Wanyamapori ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka huo ukame ulikuwa umeua ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12 na punda milia wa Grevy 49. Habari ya ndovu ndiyo iliyovuma, na si ajabu, lakini hesabu iliyopaswa kututia hofu zaidi ni ile ya punda milia wa Grevy. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta 2,649 tu katika Kenya nzima, na nje ya Kenya wamebaki wachache nchini Ethiopia, basi. Ukame huo, uliotokana na mvua kukosekana misimu mitano mfululizo, ulichunguzwa na wanasayansi wa kimataifa, ambao mwaka 2023 walihitimisha kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa kutokea kwake angalau mara 100.

Mwongozo huu umekusudiwa mkazi wa Isiolo, Samburu, Laikipia au Marsabit ambaye hana shirika nyuma yake wala rafiki serikalini, ila ana kitambulisho, simu na subira. Joto la dunia haliwezi kuzuiwa kutoka mji mdogo kama Archer's Post kule Samburu. Hata hivyo, baina ya mvua kukosa kunyesha na mnyama kufa huwa kuna maamuzi mengi ya watu: nani aliruhusiwa kuchota maji ya mto kule juu, kisima kilichimbwa wapi, malisho ya akiba yalifunguliwa lini, fedha za ukame zilielekezwa wapi. Maamuzi hayo yana wenyewe na yana tarehe, na sheria za Kenya zinampa mwananchi haki ya kuyaingilia kabla hayajapitishwa.

Hatua ya 1: Fahamu hasa mnyama anakosa nini

Mwanasiasa akiambiwa "tuokoe wanyamapori" ataitikia mara moja, kwa sababu hajaombwa kitu. Ombi linalomlazimu kujibu ni lile linalotaja mahali, kitu na kiasi, nawe huwezi kuliandika bila kuyajua maisha ya mnyama mwenyewe.

Punda milia wa Grevy aliyekomaa anaweza kukaa hata siku tano bila kunywa maji, lakini jike anayenyonyesha hana budi kunywa kila siku au kila baada ya siku mbili, kwa hiyo hawezi kufuata nyasi mbali na maji. Mchana visima na mabirika ya kunyweshea huwa mikononi mwa wachungaji: ng'ombe hunywa, kisha ngamia, kisha mbuzi, na vumbi halitulii hadi jua linapokaribia kuzama. Jike na mtoto wake husubiri pembeni hadi giza liingie, na saa hiyo ndiyo simba na fisi nao hushuka majini. Kadiri sehemu za kunywea zinavyopungua ndivyo msongamano huo unavyoongezeka, na watoto ndio wanaotangulia kufa.

Maji yenyewe kwa sehemu kubwa yanategemea Mto Ewaso Nyiro, ambao huanzia Mlima Kenya na safu za Aberdare, hupita Laikipia, hugawa hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, huendelea hadi Shaba na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Katika miezi ya kiangazi sehemu za chini za mto huu zimekuwa zikikauka, kwa sababu ya mvua haba na pia kwa sababu ya maji yanayochotwa sehemu za juu kwa ajili ya umwagiliaji. Hilo la pili ni jambo la vibali, na kibali hutolewa na ofisi.

Kutokana na picha hiyo unaweza kuchagua dai moja au mawili: birika la wanyamapori lililotengwa na la mifugo, makubaliano ya wachungaji kuondoka majini kabla ya magharibi, ukaguzi wa vibali vya kuchota maji ya mto, kulindwa kwa malisho ya akiba, au fedha za kung'oa mathenge na mpungate, mimea ya kigeni iliyovamia nyasi. Usidai visima vipya kwa pupa. Kisima kikichimbwa katikati ya malisho yaliyokuwa yakiachwa hadi kiangazi, mifugo hukaa hapo mwaka mzima, nyasi huisha, na punda milia hubaki na maji yasiyo na chakula. Miradi ya namna hiyo hupendwa na wanasiasa kwa kuwa huzinduliwa kwa utepe na kupigwa picha, na kwa maoni yangu imewadhuru wanyama hawa kuliko tunavyopenda kukiri.

Hatua ya 2: Jua nani ana mamlaka gani

Malalamiko mengi hupotea kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika, ambaye hufurahi kujibu kwamba jambo hilo si lake. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, ambayo huifanya kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Vibali vya kuchota maji ya mito hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, iliyo chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Leseni za mazingira kwa miradi hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kaunti ndiyo inayoshughulikia ufugaji, maji ya vijijini, na utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji.

Maana yake ni kwamba diwani wako hawezi kumwamuru afisa wa KWS, lakini anaweza kupigania birika, ulinzi wa malisho na mshahara wa anayewasha pampu, ambavyo vyote vimo katika bajeti ya kaunti. Mbunge na seneta wanaweza kuwaita maafisa wa WRA mbele ya kamati. Kila dai uliloliandika katika hatua ya kwanza liandikie jina la ofisi moja mkabala wake, na dai lisilopata ofisi liache kwanza.

Hatua ya 3: Omba taarifa kwa maandishi

Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba, inamruhusu raia kuandika ombi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, bila ada ya maombi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Gharama pekee unayoweza kudaiwa ni ile halisi ya kutoa nakala. Huhitaji kueleza sababu ya kutaka taarifa hiyo, na ni busara usiieleze.

Barua iwe fupi, na swali liwe la kujibika. Kwa mfano: "Naomba orodha ya vibali vya kuchota maji vinavyotumika sasa katika Mto Ewaso Nyiro na vijito vyake ndani ya Kaunti ya Laikipia, pamoja na kiasi cha maji kilichoruhusiwa kwa kila kibali na tarehe ya kuisha kwake." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa nawe urudi nayo. Siku 21 zikipita kimya, unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hapo ndipo nakala yenye muhuri huonekana thamani yake.

Hatua ya 4: Anza na wafugaji, usimalizie kwao

Katika kaunti hizi anayeishi na punda milia wa Grevy ni mfugaji, na mfugaji ndiye mpiga kura. Ukienda kwa diwani ukiwa na barua ya wapenda wanyama watano kutoka Nairobi, atakukaribisha chai. Ukienda na wazee wa malisho, viongozi wa vikundi vya akina mama wanaouza maziwa, na vijana wachungaji wanaosema jambo lile lile, atafungua daftari.

Hilo halipatikani kwa hotuba. Waborana wa Isiolo wana utaratibu wa dedha, ambamo wazee hugawa nchi kuwa malisho ya masika, malisho ya kiangazi na akiba ya wakati wa ukame, na Wasamburu nao wana wazee wao wenye neno katika jambo hilo. Akiba hiyo ikiheshimiwa, ng'ombe hupona na punda milia hupona, kwa kuwa wote hula nyasi zile zile. Kwa hiyo zungumzeni malisho kwanza. Kaa kwenye baraza, sikiliza ni nani aliyevunja zamu mwaka wa ukame, ni silanga (bwawa dogo la maji ya mvua) gani ilijaa mchanga, ni pampu gani ilikufa ikaachwa. Mara nyingi utakuta kwamba nusu ya dai lako tayari ni lao, na kazi inayobaki ni kuongeza sentensi moja kuhusu birika la wanyamapori la kunywea usiku.

Kuna pia jambo la fidia, na usilikwepe. Ukame huwasogeza fisi na simba karibu na maboma, na mtu aliyepoteza mbuzi 20 hatasaini karatasi ya kumtetea mnyama yeyote. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama wa porini, na inaunda kamati ya fidia katika kila kaunti, lakini malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Dai la fidia kulipwa kwa wakati liwe sehemu ya ombi lenu, kwa sababu ni haki, na kwa sababu bila hilo hamtapata saini.

Uhifadhi unaowapita wenyeji huanguka pia mahakamani. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ushirikishaji wa umma unaostahili. Chochote unachokusudia kuomba, na kipite kwa wenye ardhi kwanza.

Hatua ya 5: Fuata kalenda ya bajeti

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, pengine kwa sababu haina msisimko. Watu hujitokeza Mei au Juni, makadirio yanapokuwa mezani, wakati nafasi ya kuongeza kitu kipya imeshakuwa finyu mno. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na tarehe hizo ni zile zile kila mwaka.

Kufikia tarehe 1 Septemba serikali ya kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, yaani orodha ya miradi ya mwaka wa fedha unaofuata. Birika lisilotajwa humo litapata shida kuingia baadaye, kwa hiyo mikutano yenu ya baraza ifanyike Juni na Julai, na barua ifike katika idara za mifugo, maji na mazingira kabla ya Agosti kwisha. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao huweka kikomo cha fedha kwa kila idara. Hapa hoja huwa ni ukubwa wa fungu, si mradi mmoja mmoja. Makadirio kamili hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Kati ya Aprili na Juni kamati ya bajeti hukusanya maoni ya wananchi.

Katika mkutano huo wa maoni mtu hupewa kipaza sauti kwa dakika chache, baada ya sala, baada ya wageni kutambulishwa, na mara nyingi baada ya nusu ya watu kuondoka. Usitumie dakika hizo kueleza mabadiliko ya tabianchi. Taja ukurasa wa kitabu cha makadirio, taja kiasi kilichoandikwa, sema mnataka nini kibadilishwe na fedha zitoke fungu lipi, kisha mkabidhi karani maandishi yenye maneno hayo hayo. Kilichosemwa tu ni rahisi kuachwa nje ya ripoti ya kamati, ilhali kilichopokelewa kwa muhuri kinaweza kudaiwa.

Sambamba na bajeti ya kawaida kuna fedha za tabianchi. Makueni ilikuwa ya kwanza, mwaka 2015, kuweka kanuni za mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, na kaunti nyingine zikafuata. Kupitia mpango wa kitaifa wa kugharamia hatua za tabianchi mashinani, unaojulikana kama FLLoCA, uliopata ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2021, kamati za kupanga masuala ya tabianchi ziliundwa katika ngazi ya wadi. Tafuta majina ya wanakamati wa wadi yako na uulize wanakutana lini. Kiti kimoja katika kamati hiyo, kikikaliwa na mtu anayejua malisho, kina nguvu kuliko maandamano, maana huko ndiko miradi inakopangwa kwa foleni.

Hatua ya 6: Wasilisha ombi rasmi

Kalenda ikikukwepa, au jambo likiwa la kitaifa kama vile vibali vya mto, tumia haki ya kuwasilisha ombi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo mbele ya Bunge la Kitaifa na Seneti, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinatoa haki kama hiyo mbele ya bunge la kaunti.

Sheria ya mwaka 2012 inayoongoza maombi ya Bungeni imetaja umbo lake. Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Mada iandikwe juu ya kila karatasi. Lieleze juhudi zilizokwisha kufanywa na jibu lililopatikana, na hapa ndipo barua za hatua ya tatu zinapoingia. Liseme kama jambo lenyewe liko mahakamani. Mwishoni liwe na ombi mahususi, kisha majina, anwani, namba za vitambulisho, na saini au alama ya kidole gumba ya kila mwombaji.

Sehemu ya ombi mahususi ndiyo inayosomwa kwa makini, nayo inaweza kuandikwa hivi: "Kwa hiyo waombaji wanaliomba Bunge, kupitia kamati inayohusika, liitake Mamlaka ya Rasilimali za Maji ifanye ukaguzi wa vibali vyote vya kuchota maji katika Mto Ewaso Nyiro, isimamishe uchotaji usio na kibali, itangaze kwa umma kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni wakati wa kiangazi, na iwasilishe ripoti ya utekelezaji." Kila kitenzi humo kina mtendaji na kinaweza kuulizwa baadaye.

Saini 40 za watu wanaofahamika na kupatikana zinatosha. Saini 4,000 zenye namba za vitambulisho zisizosomeka zitakuletea karani mwenye maswali. Ombi likishapelekwa kwenye kamati, mwombe mbunge wako ahudhurie siku ya kusikilizwa, na mchague wasemaji wawili tu, mmoja wao awe mfugaji mwenyewe.

Hatua ya 7: Mradi ukija, soma tangazo

Barabara, mabwawa na mashamba makubwa ya umwagiliaji huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMA hutangaza ripoti yake ili wananchi watoe maoni kwa muda maalumu. Andika maoni hata kama unaona hayatasikilizwa, kwa sababu ndiyo ushahidi wa baadaye. Leseni ikitolewa, rufaa hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Mfano wa Lamu unafaa kukumbukwa: tarehe 26 Juni 2019 Jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na mojawapo ya sababu zake kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Aidha, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Kesi ni ndefu na ya gharama, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Hatua ya 8: Tumia uchaguzi, kisha kagua

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027, na baada yake kila kaunti itaandika mpango mpya wa maendeleo wa miaka mitano. Kabla ya kura, waiteni wagombea wa udiwani na ugavana kwenye baraza moja, muwasomee madai yenu, na kila mmoja ajibu mbele ya watu, huku mtu akirekodi. Msimwidhinishe yeyote. Kikundi kinachojulikana kuwa cha upande fulani hufungiwa milango miaka mitano upande huo ukishindwa, na punda milia hawezi kusubiri miaka mitano. Wagombea wa ubunge na useneta waulizwe pia watafanya nini ili fedha za kimataifa za kukabiliana na ukame, ambazo Kenya huzidai katika kila mkutano wa tabianchi kwa kuwa mchango wake katika hewa ukaa ni mdogo sana, zifike wadini.

Bajeti ikipitishwa, chukua nakala ya kitabu kilichoidhinishwa na uweke alama kwenye mistari mliyoipigania. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti kila robo mwaka, na humo huonekana kama idara imepokea fedha na kama imezitumia. Kisha mtume mtu mahali penyewe, apige picha ya birika ikiwa na tarehe, apime umbali wake kutoka lile la mifugo, aulize nani ana ufunguo wa pampu na kama bomba hufunguliwa usiku. Maelezo hayo yapelekwe kwa diwani na kwa karani wa kamati kabla ya Agosti kwisha, maana ifikapo tarehe 1 Septemba mpango wa mwaka mwingine utakuwa tayari mezani.